Mpokeaji wa Tatu

Hasira za Inspekta zilianza saa tatu asubuhi, alipofungua faili na kukuta kurasa nne tu. Mama mjamzito amefariki, mtoto tumboni naye hakupona, dereva wa gari la wagonjwa yuko mahabusu siku ya tatu, na upelelezi mzima umetoshea kwenye kurasa nne, moja yao ikiwa barua ya kujisafisha kutoka kwa mwajiri wa huyo dereva. Mwenzake aliyemwachia faili alikuwa ameandika juu ya jalada kwa kalamu nyekundu: "Iko wazi. Mahakamani leo saa nane mchana." Kisha akaenda zake likizo, roho kwatu.

Kituoni walimwita Inspekta Mama Kwa Nini, na hawakuwa wakimsifu. Alizoea kurudia swali moja mpaka mtu akatamani kukiri hata asichofanya. Asubuhi ile alisoma zile kurasa nne mara mbili, akashuka mahabusu akaongea na dereva kwa nusu saa, akaondoka na simu ya dereva ikiwa ndani ya bahasha ya vielelezo. Saa tano kamili alikuwa anapanda ngazi za kampuni ya magari ya wagonjwa, ghorofa ya pili, juu ya duka la rangi. Harufu ya rangi ilimpanda kichwani kabla hajafika mlangoni.

Mkurugenzi alimpokea kwa tabasamu na kiti laini. Inspekta alikataa vyote viwili.

"Jambo lenyewe liko wazi, Inspekta," alisema Mkurugenzi, akamsogezea karatasi. "Jumanne, saa nne na dakika kumi na saba asubuhi, ombi la kwenda kumchukua yule mama liliingia kwenye foleni yetu. Limepokelewa. Limefutwa. Foleni haifuti ujumbe mpaka aliyeupokea aseme amemaliza nao. Anayepokea ni nani? Dereva. Kapokea, kafuta, kaendelea kupiga usingizi."

"Nani kakwambia alikuwa amelala?"

"Ni namna tu ya kusema."

"Basi usiniletee namna. Kuna mtu anakwenda kufungwa."

Dereva mwenyewe walimwita Breki, kwa sababu hakuna aliyewahi kumwona akizikanyaga. Miaka tisa alikuwa akiendesha magari ya wagonjwa. Tangu Jumanne majirani walikuwa wamemvunjia madirisha mawili, na mkewe alikuwa amekaa kwenye benchi la kituo tangu alfajiri na kikapu cha chakula ambacho askari wa zamu hawakukiruhusu kupita. Kabla ya kutoka, Inspekta alikipitisha mwenyewe, na askari wa zamu akaambiwa maneno ambayo hatayasahau haraka.

"Niitie aliyeitengeneza hiyo foleni," Inspekta alimwambia Mkurugenzi.

Aliyeitwa alikuwa fundi wa programu, jina la utani Profesa, mtu mwembamba aliyefunga vifungo vya shati kombo. Alikaa mbele ya kompyuta yake, akajifuta viganja kwenye suruali, na kuanza kueleza bila kumtazama mtu usoni.

"Foleni yenyewe sikuitengeneza mimi. Tunaikodi. Iko kwenye mitambo ya kampuni nyingine, mbali, huko wanakoita kwenye wingu. Mimi nimeandika programu zinazoitumia. Moja ipo hapa kwa dada wa simu, kazi yake kutia ujumbe kwenye foleni. Nyingine ipo kwenye simu za madereva wetu wawili. Hiyo inauliza foleni kila mara: kuna ujumbe? Ukiwepo, inapewa."

"Wanapewa wote wawili?"

"Hapana, mmoja tu. Yule aliyewahi kuuliza. Tusipofanya hivyo magari mawili yatakimbilia nyumba moja."

"Halafu?"

"Akishapewa, ujumbe unafichwa dakika mbili. Wengine hawauoni. Dereva akibonyeza 'Naenda', programu inaiambia foleni ifute. Asipobonyeza, dakika mbili zikiisha, ujumbe unajitokeza tena, na mwingine anaweza kuupata. Hauwezi kupotea."

"Na huu ulipotea."

"Huu ulifutwa."

"Dereva wa pili alikuwa wapi?"

Hapo Inspekta alidhani amepata mlango. Kama madereva ni wawili na mmoja tu amekamatwa, huenda aliyelala ni yule mwingine. Lakini Mkurugenzi alikuwa na jibu mkononi, na alilitoa kwa raha ya mtu anayefunga goli. Gari la pili lilikuwa gereji tangu Jumatatu, injini imefunguliwa. Simu yake ilikuwa imezimwa, imefungiwa kwenye droo ya Profesa. Stakabadhi ya gereji hii hapa, sahihi hii hapa.

"Kwa hiyo," alisema Mkurugenzi, "anabaki mmoja."

Inspekta aliitoa simu ya Breki kwenye bahasha, akaiwasha, akaiweka mezani. Kwenye kona ya chumba, nyuma ya dirisha dogo la kioo, alikaa dada wa simu, mama wa makamo ambaye wenzake walimwita Mama Pacha. Spika za masikioni zilikuwa shingoni, macho mekundu.

"Mama Pacha, naomba utume ujumbe wa kujaribu. Andika chochote."

Mama Pacha aliandika. Baada ya muda mfupi simu ikapiga honi kali iliyomrusha Mkurugenzi kitini. Iliendelea kupiga mpaka Inspekta alipobonyeza "Naenda" kwa makusudi bila haraka.

"Profesa, kumbukumbu za foleni zinasemaje?"

"Umepokelewa, na baada ya sekunde kumi na tisa umefutwa."

"Hizo kumi na tisa ni mimi nikijikunakuna. Sasa nionyeshe Breki hutumia ngapi."

Profesa alitelezesha kidole. Sekunde nane. Kumi na moja. Sita. Tisa. Mwezi mzima wa kazi za Breki ulipita kwenye kioo, na hakuna hata moja iliyoshuka chini ya sekunde nne.

"Mwepesi," alisema Inspekta. "Sasa nionyeshe huo wa Jumanne saa nne na dakika kumi na saba."

Kidole cha Profesa kilisimama.

"Profesa. Sijaja kukutazama."

Alitelezesha. Inspekta aliinama, akasoma mara mbili. Ujumbe ulipokelewa na kufutwa ndani ya sekunde ile ile. Ukifuata tarakimu ndogo za mwishoni, tofauti ilikuwa sehemu mbili za kumi za sekunde.

"Kidole cha Breki ni chepesi," alisema, na sauti yake sasa ilikuwa imeshuka, jambo ambalo waliomzoea walilihofia kuliko kelele. "Lakini honi haijaanza hata kulia hapa. Hakuna binadamu aliyebonyeza. Hii ilifutwa na programu ambayo haimsubiri mtu."

"Madereva ni wajanja, Inspekta," Mkurugenzi aliingilia. "Huyu ameichezea simu. Ameweka kitu kinachofuta kazi zenyewe, yeye astarehe. Nimewahi kusikia mambo hayo."

Hilo nalo lilihitaji kuangaliwa, na Inspekta aliliangalia. Alimwamuru Profesa afungue programu ya madereva na kuisoma mstari kwa mstari, kwa Kiswahili cha watu. Profesa alisoma. Pokea ujumbe. Uandike kwenye daftari la simu. Piga honi. Subiri kidole. Futa.

"Rudia mstari wa pili."

"Uandike kwenye daftari la simu. Kila unaopokelewa unaandikwa kwanza, kabla ya honi. Dereva hana njia ya kulifuta daftari hilo. Hata mimi kwa simu hiyo sina."

"Lifungue la Jumanne."

Jumanne asubuhi simu ya Breki ilikuwa imepokea ujumbe mmoja tu, saa nne na dakika sita. Inspekta aliusoma kwa sauti, neno kwa neno: "Karibuni sana wageni wetu wapendwa."

Chini dukani mashine ya kuchanganya rangi ilikuwa inanguruma.

Breki alikuwa ameyasema hayo katika maelezo yake. Yalikuwepo kwenye ukurasa wa tatu wa faili: simu ililia mara moja, ikawakaribisha wageni, nikajua wananitania, nikabonyeza, nikaendelea kungoja kazi. Pembeni, ile kalamu nyekundu ilikuwa imeandika: "Porojo." Mtu alisema kweli, akaandikiwa porojo, akarudishwa kulala kwenye sakafu ya saruji.

"Kwa nini," aliuliza, "gari la wagonjwa linakaribishwa kama limekuja harusini?"

Mkurugenzi aliangalia saa yake. Profesa aliangalia viatu vya Mkurugenzi.

"Haya. Tuanze upya, na safari hii nataka jibu la mkato. Simu za madereva ni mbili. Moja imezimwa, moja haina ujumbe wa yule mama kwenye daftari lake. Ujumbe umepokelewa. Basi kuna mpokeaji wa tatu. Kumbukumbu za hilo wingu lenu haziandiki nani kauliza?"

"Haziandiki jina," alisema Profesa polepole. "Programu zetu zote zinatumia ufunguo mmoja. Nilipaswa kuipa kila moja wake, sikufanya. Lakini zinaandika anwani ya mtandao. Swali limetokea wapi."

"Nitolee zote za Jumanne, saa nne mpaka saa tano."

Profesa alichukua muda mrefu kuliko kazi yenyewe ilivyohitaji. Orodha ilipotokea, anwani zilikuwa mbili tu. Moja ilikuwa ya laini ya simu ya Breki. Ya pili ilianza kuuliza saa nne na dakika mbili, ikauliza bila kupumzika, ikaacha saa nne na dakika thelathini na moja. Inspekta alimwomba afungue anwani ya mtandao ya ofisi hii waliyokaa. Tarakimu zilikuwa zile zile.

"Mpokeaji wa tatu alikuwa ndani ya ofisi hii," alisema. "Jumanne, kwa dakika ishirini na tisa. Kulikuwa na nini hapa?"

"Mambo ya kawaida ya kazi," alisema Mkurugenzi.

"Kulikuwa na wageni, dada."

Ilikuwa sauti ya Mama Pacha. Alikuwa ametoka nyuma ya kioo chake.

"Wewe kazi yako ni simu," Mkurugenzi alimkaripia. "Rudi."

"Na hiyo simu niliipokea mimi, bosi!" Mama Pacha alipaza sauti mpaka ikakwaruza. "Mimi ndiye niliyemsikia mume wa yule mama akilia. Nikaandika, nikatuma, nikamwambia gari linakuja, usikate tamaa, gari linakuja. Alipiga mara ya pili nikamwambia liko njiani. Siku tatu sijalala, najiuliza Breki amenifanyaje muongo kwa maiti. Kumbe mnajua kitu!"

"Wageni gani?" aliuliza Inspekta.

"Watu ambao bosi anataka watupe mikataba. Walikaa pale mapokezi, kwenye televisheni kubwa, wakaonyeshwa jinsi kazi inavyokwenda. Mimi sikutoka huku ndani. Picha zilitumwa kwenye kundi la ofisi. Ninazo, sikuwahi hata kuzikuza."

Alifungua simu yake. Inspekta alisimama begani kwake. Katika picha ya nne watu saba waliovaa vizuri walikuwa wamesimama mapokezi, viganja vimekutana, wakipiga makofi. Mkurugenzi alikuwa mbele yao, mkono umenyooka kuelekea ukutani, meno yote nje. Ukutani ilining'inia televisheni, na ndani yake maandishi meupe kwenye rangi ya buluu.

Mama Pacha aliikuza picha kwa vidole viwili. Maandishi yalisomeka vizuri kabisa. Mstari wa kwanza ulisema: "Mama mjamzito, anatokwa na damu nyingi."

Mama Pacha aliziba mdomo wake kwa kiganja. Kisha akaketi sakafuni, hapo hapo alipokuwa, na hakuna aliyethubutu kumwinua.

Inspekta aliichukua ile simu kutoka mkononi mwake kwa upole, akageuka. Upole uliishia hapo.

"Mliupigia makofi," alisema.

"Wageni walidhani ni mfano," alisema Mkurugenzi. Tabasamu lilikuwa limekauka.

"Na wewe ulidhani nini?"

"Mimi nilikuwa nawaangalia wageni. Sikusoma."

"Ulinyoosha mkono ukauonyesha, na hukuusoma!" Alipiga meza kwa kiganja, kalamu zikaruka. "Profesa! Hiyo ya ukutani, nani aliiandika?"

"Mimi." Profesa alikuwa ametota jasho. "Bosi aliniita Jumanne asubuhi. Alitaka ujumbe halisi uonekane ukutani, papo hapo. Nilimwambia nahitaji siku nzima, nitengeneze foleni ya pili inayopata nakala ya kila ujumbe, tusiiguse ile ya kazi. Akanipa robo saa. Nikachukua anwani ya foleni ya kweli na ufunguo wa kweli. Pokea, onyesha, futa. Mistari michache tu."

"Kwa nini futa? Umeniambia mwenyewe: usipofuta, ujumbe unarudi baada ya dakika mbili. Ungeurudisha, Breki angeupata. Wageni wangeuona, na mama naye angefikiwa. Kwa nini ulifuta?"

Profesa alijibu kwa sauti ndogo.

"Nilipojaribu bila kufuta, ujumbe mmoja ulikuwa unajirudia kwenye televisheni. Bosi alisema inaonekana vibaya."

Inspekta alitembea hadi dirishani, akasimama hapo akiipa mgongo ofisi nzima, kwa sababu aliona akibaki karibu na Mkurugenzi atapoteza kazi yake mwenyewe.

"Na zile karibuni wageni?" aliuliza bila kugeuka.

"Bosi aliziandika yeye, zitokee ukutani. Za kwanza hazikutokea. Breki alikuwa amewahi kuuliza, zikaenda kwake. Ilibidi zitumwe tena. Hapo ndipo nilipojua kwamba tunagawana ujumbe na gari. Nilimwambia bosi. Akasema wageni wanaondoka muda si mrefu."

"Ilikuwa saa ngapi?"

"Saa nne na dakika nane."

"Dakika tisa kabla."

"Dakika tisa," alikubali Profesa, na machozi yakaanza kumtoka. "Jioni tulipopata habari za msiba nilimfuata ofisini kwake, nikamwambia ni sisi. Akasema kumbukumbu zinaonyesha umepokelewa, na ni kweli umepokelewa, hatujamdanganya mtu. Akaniambia niifute programu ya ukutani."

"Ukaifuta?"

"Nilimwambia nimeifuta. Ipo." Alivuta droo, akatoa kidude kidogo cha kuhifadhia kazi za kompyuta, akakiweka mezani kama kinamuunguza.

"Mpumbavu wewe!" Mkurugenzi alifoka.

"Kaa chini," alisema Inspekta. "Barua uliyotuandikia ina sahihi yako. Umeiandika ukijua. Siku tatu umemwacha mtu wako wa miaka tisa anavunjiwa nyumba, watoto wake hawatoki nje, ili wageni wasijue walichokipigia makofi. Usiguse simu yako. Wewe, Profesa, ondoa mikono kwenye kompyuta. Mtaandika maelezo nyote wawili, kila mtu chumba chake."

Kidude kiliwekwa kwenye bahasha, pamoja na orodha ya anwani iliyochapwa na kusainiwa kila ukurasa. Picha ya makofi Inspekta aliituma kwa mwendesha mashtaka mwenyewe, na chini yake akaandika saa na dakika. Ilikuwa saa saba na robo. Saa saba na dakika ishirini na tano mwendesha mashtaka alipiga: shauri la dereva halitasomwa.

Inspekta alipiga kituoni, akamwambia askari wa zamu amfungulie Breki na ampe simu.

"Breki, unatoka," alisema. "Ujumbe haukukufikia. Ulichukuliwa huku ofisini, ukaonyeshwa wageni, ukafutwa. Huna kosa. Nitaandika hivyo, na nitasema hivyo mtaani kwako mimi mwenyewe."

Alingoja kusikia mtu akipumua vizuri kwa mara ya kwanza tangu Jumanne. Kwa nyuma alimsikia mke wa Breki akishukuru kwa sauti.

"Ulisemaje?" Breki aliuliza.

"Nini?"

"Huo ujumbe, Inspekta. Watu wote wananiambia niliupuuza. Mimi sijawahi kuuona. Ulisemaje?"

Ilikuwa haki yake. Inspekta aliishika picha karibu na macho, akamsomea. "Mama mjamzito, anatokwa na damu nyingi. Mlango wa kijani, nyuma ya kiwanda cha matofali. Mume yuko barabarani, anapunga shati jeupe."

Inspekta alidhani laini imekatika.

"Breki?"

"Nyuma ya kiwanda cha matofali," alisema Breki. "Mimi nilikuwa nimeegesha juu yake, kwenye kilima, kivulini, nasafisha vioo nikingoja kazi. Ni mwendo wa dakika tatu kushuka."

"Hukuwa na njia ya kujua."

"Nilimwona, Inspekta. Mtu mdogo kule chini, kifua wazi, anazungusha shati juu ya kichwa, anakimbia huku na huku. Nikadhani anafukuza nyuki." Sauti ilikatika, ikarudi. "Nilimcheka. Nilisimama pale na kitambaa mkononi, nikacheka mpaka nikaegemea gari."

Inspekta alibaki ameishika simu sikioni. Upande wa pili mke wa Breki alikuwa akiuliza mara ya pili, ya tatu, kwa nini anakaa chini na mlango uko wazi.